Je, mwanga wa infraredi unaweza kutuonyesha mbuzi ambaye chanjo imemkinga?

Swali: Daktari, assalaam alaykum. Mimi ni msaidizi wa afya ya mifugo, nahudumia wafugaji wa Kisauni na Bamburi. Tunachanja mbuzi dhidi ya sotoka ya mbuzi na kondoo, na kila mara wafugaji huniuliza tutajuaje kama chanjo imefanya kazi. Kuna kijana wa chuo anayefanya utafiti wa spektroskopia, yaani kuchunguza vitu kwa jinsi vinavyonyonya mwanga. Anasema tone moja la seramu, yale maji ya damu yanayobaki damu ikishaganda, likipigwa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, kompyuta inasema kwa dakika chache mnyama yupi kachanjwa na yupi bado, bila ELISA, kile kipimo cha maabara cha kutafuta kingamwili, ambacho ni ghali. Ni kweli? Na nikitaka kumpa damu, niichukue vipi?

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Kijana hakukudanganya, ila amekupa nusu ya habari. Mwanga wa infraredi unaweza kuonyesha kwamba seramu ya mnyama imebadilika. Peke yake hauwezi kukuambia kwamba imebadilika kwa sababu ya chanjo ya sotoka, wala kwamba mbuzi huyo sasa ana kinga.

Angalia mashine inaona nini. Protini hunyonya mwanga wa infraredi katika kanda mbili zinazojulikana sana, moja kwenye namba-wimbi (idadi ya mawimbi ndani ya sentimita moja) 1650 hivi, nyingine kwenye 1550 hivi. Ukanda wa kwanza ndio wenye manufaa kwetu, maana umbo lake hufuata jinsi protini ilivyojikunja. Albumini, protini iliyo nyingi kwenye seramu, ambayo nyuzi zake nyingi zimejisokota, hunyonya zaidi karibu na 1655. Kingamwili, protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na magonjwa, zimekunjwa kwa tabaka bapa, nazo huuvuta ukanda kuelekea 1640 na chini yake. Kwa hiyo kingamwili zikiongezeka ndani ya seramu, mchoro wa mwanga ulionyonywa, yaani spektra, hubadilika umbo. Hapo kijana yuko sahihi kabisa.

Lakini kingamwili za sotoka, za homa ya mapafu na za minyoo zote zimejengwa kwa ramani moja. Kinachozitofautisha ni sehemu ndogo sana kwenye ncha, ile inayomkamata adui wake. Seramu ya mbuzi mzima ina protini za kama gramu 60 hadi 75 kwa lita, na sehemu ya hizo ni kingamwili za kila namna alizojikusanyia tangu azaliwe. Zilizotokana na chanjo moja ni kidogo mno ndani ya wingi huo. Mizani ya Kongowea itakuambia gunia lina kilo ngapi, haitakuambia ndani mna kunde au choroko.

ELISA ina kitu ambacho infraredi haina. Sahani yake ya vishimo 96 imepakwa protini ya virusi vya sotoka. Katika ile ya ushindani, ambayo ndiyo inayotumika sana kwa sotoka ya mbuzi, kingamwili za mnyama wako hushindana na kingamwili ya maabara kugombea protini hiyo. Rangi ikififia, mnyama anazo. Rangi ikikolea, hana. Mwisho wake mashine husoma rangi kwa mwanga, mara nyingi wa nanomita 450. Kwa hiyo ELISA nayo hutumia mwanga, ila kemia imeshamchagua adui kabla ya mwanga kuwashwa. Kipimo cha aina hii ndicho kilichotumika kufuatilia kinga wakati wa kupambana na sotoka ya ng'ombe, ugonjwa uliotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Chanjo iliyoung'oa ilitokana na kazi ya Walter Plowright na wenzake pale Muguga, hapa hapa Kenya. Sasa dunia imeweka mwaka 2030 kuwa lengo la kuitokomeza sotoka ya mbuzi, na ndiyo sababu naona swali lako ni zito kuliko unavyodhani.

Mtego mkubwa uko kwenye kulinganisha. Tuseme kijana anachukua mbuzi 15 waliochanjwa wa Kisauni na 15 wasiochanjwa kutoka Kwale. Spektra moja iliyosomwa kutoka namba-wimbi 4000 hadi 400, kwa hatua ya 2, ina nukta kama 1,800. Ukiipa kompyuta wanyama 30 wenye nukta 1,800 kila mmoja, haitakosa tofauti ya kuwagawa, hata kama chanjo yenyewe ilikuwa maji matupu. Wale wa Kwale huenda wana nagana, ugonjwa unaoenezwa na ndorobo (mbung'o), maana ndorobo wapo upande wa Shimba Hills, na nagana hupandisha kingamwili sana. Kundi moja likiwa la mbuzi wakubwa na jingine la vitoto, umri peke yake utabadilisha spektra, kwa sababu kingamwili huongezeka mnyama anavyokua. Mimba, minyoo, kupe, jeraha la sindano lililovimba, vyote vinaandikwa kwenye seramu ile ile. Na kama waliochanjwa walisomwa Jumatatu na wasiochanjwa Jumanne, kompyuta inaweza kujifunza siku badala ya chanjo, nanyi mkafurahia asilimia 98 ya usahihi isiyo na maana yoyote.

Basi mwambie afanye hivi, na usimpe damu asipokubali. Kila mbuzi atolewe damu siku ya chanjo, kabla ya sindano, kisha mbuzi yule yule atolewe tena siku ya 28. Katika boma lile lile waachwe wachache wa rika lile lile bila chanjo, watolewe damu siku hizo hizo mbili, halafu uwachanje baada ya hapo. Sampuli zichanganywe kabla ya kusomwa, na anayesoma asijue ipi ni ya nani. Kompyuta ikishajifunza, ijaribiwe kwa mbuzi wa boma ambalo haijaliona kabisa. Tone moja likisomwa mara tatu, masomo yote matatu yakae upande mmoja, ama wa kujifunza ama wa kujaribiwa. Nimeona kazi nyingi nzuri zikianguka kwenye hili la mwisho. Na kila sampuli iwe na jibu la ELISA pembeni, la sivyo hakuna cha kuipimia mashine.

Mombasa inaongeza taabu yake. Maji hunyonya infraredi karibu na 1640, pale pale tunapotafuta kingamwili, na ndiyo maana seramu hukaushwa kwanza juu ya kioo cha mashine. Kwa hewa yetu hii, utando uliokauka huanza kunyonya unyevu tena kabla hujamaliza kuusoma, na mvuke uliomo ndani ya mashine huacha miiba myembamba juu ya ukanda ule. Baadhi ya mashine zina sehemu za chumvi ya potasiamu bromaidi, na chumvi hiyo huharibika kwa unyevu. Chumba kiwe na kiyoyozi kisichozimwa usiku, silika jeli ya kunyonya unyevu ibadilishwe inapogeuka rangi, na usomaji wa kioo kitupu urudiwe kabla ya kila sampuli. Tone likikauka hujirundika ukingoni, kwa hiyo asome matone matatu achukue wastani.

Kuhusu damu yenyewe: tumia chupa ya kifuniko chekundu isiyo na dawa ya kuzuia kuganda. Ile ya zambarau ina EDTA, ambayo nayo itajitokeza kwenye spektra. Toa kwenye mshipa wa shingo, usivute kwa nguvu na usitikise, kwa sababu chembe nyekundu zikipasuka hemoglobini humwagika ndani ya seramu, nayo ni protini inayonyonya kwenye kanda zile zile. Seramu ikitoka nyekundu, iandike hivyo kwenye fomu. Iache damu igande kivulini kwa saa moja au mbili, tenga seramu, igawe kwenye vichupa viwili, kimoja cha ELISA na kimoja cha kijana. Safirisha kwa kisanduku chenye barafu. Usigandishe damu nzima kamwe. Seramu ndiyo hugandishwa, kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, na isiyeyushwe na kugandishwa tena na tena. Kwa upande wa ELISA, zungumza kwanza na maabara ya uchunguzi wa mifugo ya Mariakani, uwaulize wanapokea sampuli siku gani.

Damu ile ya kabla ya chanjo inakusaidia hata kwenye ELISA. Chanjo ya sotoka ya mbuzi inayotumika sana, Nigeria 75/1, ni virusi hai vilivyodhoofishwa, na kingamwili zake hazitofautiki na za mbuzi aliyeugua akapona; damu ya kwanza ndiyo itakayoonyesha kama alikuwa nazo kabla ya sindano. Kwa ugonjwa wa miguu na midomo njia ipo: chanjo iliyosafishwa vizuri haina protini fulani ambazo virusi hutengeneza vikizaliana mwilini, kwa hiyo kingamwili za protini hizo humfichua aliyeambukizwa. Kwa sotoka hatuna hilo, na spektroskopia haijatupa.

Kuna mahali ambapo ningemshauri kijana aelekeze nguvu zake: ndama wa ng'ombe wa maziwa. Ndama huzaliwa karibu bila kingamwili, huzipata kwa kunywa dang'a saa za mwanzo. Hapo tunauliza kiasi, wala hatuulizi ni za ugonjwa gani, na infraredi hujibu vizuri sana swali la kiasi. Ndama mwenye kingamwili za aina ya IgG chini ya gramu 10 kwa lita ya seramu hakupata dang'a ya kutosha. Wafugaji wenu wanaweza kukisia hilo hata kwa refraktomita ya mkononi, kifaa kidogo kinachopima ukolezi wa seramu kwa jinsi inavyopinda mwanga: jumla ya protini ikiwa chini ya gramu 52 kwa lita, kuna hatari.

Kwa mbuzi wako, kama unataka kukadiria kinga ya kundi kubwa na unatarajia kama asilimia 80 wamekingika, mbuzi 62 waliochaguliwa kwa kura watakupa jibu lenye kosa la asilimia 10 juu au chini. Ukichukua wengi kutoka boma moja, ongeza idadi. Vitoto vya chini ya miezi minne viandikwe kando, maana kingamwili za mama bado zinaweza kuwemo na kuizuia chanjo.

Wale watakaotoka hasi siku ya 28, wachanje tena, chanjo hii haiwadhuru. Lakini wakiwa wengi na wote wa boma moja au wa chupa moja ya chanjo, kagua kwanza kisanduku cha baridi na uliza chupa ilikaa muda gani baada ya kuchanganywa. Chanjo hii inataka nyuzi 2 hadi 8 mpaka ichanganywe, na ikishachanganywa itumike upesi ikiwa bado baridi. Andika namba ya toleo la chanjo kwenye fomu ya kila boma kuanzia siku ya kwanza, ili uweze kulifuatilia hilo.