Ukianza historia ya kanisa, shika mji mmoja

Wanafunzi wapya wa theolojia wakija kuniuliza waanzie wapi, mara nyingi huwa wameshabeba kitabu cha historia ya kanisa chenye kurasa 700. Kirudisheni maktaba kwanza. Chukueni Biblia, daftari na mji mmoja. Mimi nilichukua Korintho, na niliuchukua baada ya kuaibika.

Insha yangu ya kwanza chuoni niliipanga kama Biblia ilivyopangwa, Injili mbele na nyaraka nyuma, nikidhani ndivyo vilivyoandikwa. Mwalimu akairudisha na mstari mmoja wa wino mwekundu: Paulo alisoma wapi Mathayo? Nilikasirika siku mbili, kisha nikaenda kuhesabu. Wathesalonike wa Kwanza wataalamu wengi huuweka karibu na mwaka 50. Marko, ambayo wengi huiona kuwa Injili ya kwanza kuandikwa, huwekwa karibu na mwaka 70. Na nyaraka za Paulo zenyewe zimefuatana karibu kwa urefu, za makanisa kwanza kisha za watu binafsi, kutoka Warumi ndefu hadi Filemoni ya mistari 25. Umri haukuangaliwa.

Korintho ina bahati moja: ina tarehe. Matendo 18 inasema Paulo alishtakiwa huko mbele ya Galio, liwali wa Akaya, jimbo la Kirumi lenye Korintho. Kule Delphi, mji wa kale wa Ugiriki, yamechimbuliwa mawe yenye barua ya Kaisari Klaudio inayomtaja Galio huyohuyo, na hesabu zake zinaangukia mwaka 51 au 52. Hapo ndipo pa kufungia kamba. Karibu tarehe zote za safari za Paulo mtakazokutana nazo vitabuni zimehesabiwa kwenda mbele au kurudi nyuma kutoka hapo.

Sasa someni Wakorintho wa Kwanza kwa kikao kimoja, bila kusimama, kama mnavyosoma barua iliyotoka nyumbani. Kwenye daftari andikeni kila mahali panapoonyesha kuna kitu hatunacho. Sura ya 5 mstari wa 9 Paulo anataja waraka aliokwisha kuwaandikia. Kwa hiyo huu tunaouita wa kwanza si wa kwanza, na ule haujulikani ulipo. Sura ya 1 anasema habari za ugomvi amezipata kwa watu wa Kloe. Sura ya 7 anaanza kujibu mambo waliyomwandikia wao. Tunasoma majibu bila maswali.

Hapa ndipo wengi huteleza, nami niliteleza. Kigiriki cha wakati ule hakikuwa na alama za kunukuu. Maneno "vitu vyote ni halali kwangu" ya sura ya 6, wafafanuzi wengi wanayaona kuwa usemi wa Wakorintho wenyewe, ambao Paulo anaurudia ili aupinge. Ukiuchukua kama fundisho lake umemsingizia. Kila sentensi ya waraka huu iulizeni: huyu anayesema ni nani?

Maneno ya tafsiri yetu nayo yana mitego. Warumi 16 inamtaja Fibi, "mhudumu" wa kanisa la Kenkrea, bandari ya Korintho. Katika Wafilipi 1:1 neno lilelile la Kigiriki, diakonos, limetafsiriwa "mashemasi". Sisemi mtafsiri alikosea; nasema usijenge hoja juu ya tofauti ambayo Kigiriki hakina. Hata "kanisa": usione paa na kengele. Ni kusanyiko la watu, mara nyingi sebuleni kwa mtu mwenye nafasi, na ndiyo maana sura ya 11 inalia na chakula: huyu ana njaa, huyu amelewa.

Kisha ufuateni mji huo baada ya Paulo kuondoka. Kwenye mwaka wa 96 hivi kanisa la Roma liliwaandikia Wakorintho barua ndefu, ile inayoitwa ya Klementi, kwa sababu walikuwa wamewaondoa wazee wao. Bado wanagombana! Na barua inawaambia wauchukue waraka wa Paulo wausome tena. Maana yake walikuwa wameutunza. Karibu na mwaka 170 askofu wao, Dionisio, anaandika kwamba hiyo barua ya Klementi bado inasomwa kwenye ibada yao. Hivyo ndivyo maandiko yalivyopata heshima, kwa kusomwa na kusomwa tena. Msirudie ile hadithi kwamba vitabu vilipigiwa kura kwenye mtaguso wa maaskofu wa Nikea mwaka 325. Orodha ya kwanza tuliyonayo yenye vitabu 27 vilevile vya Agano Jipya ni ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367.

Mkimaliza Korintho, mji wa pili uwe Karthago, hapa hapa Afrika. Someni kumbukumbu ya kesi ya Wakristo 12 wa mji wa Scilli, iliyosikilizwa Karthago Julai 17, mwaka 180. Ni fupi, haimalizi kikombe cha chai. Liwali anawauliza wana nini kwenye sanduku lao. Speratus, mmoja wao, anajibu: vitabu na nyaraka za Paulo, mtu mwenye haki. Wakapewa siku 30 wafikiri. Wakazikataa.