Ripoti inasomwa, ila ombi halionekani

Swali: Kila mwezi naandika ripoti ya kurasa 12 kwa wakuu wa idara: utangulizi, historia, mbinu, matokeo, na mapendekezo ukurasa wa 11. Kisha hunipigia simu kuuliza, "Kwa hiyo unataka tufanye nini?" Tatizo liko wapi?

Jibu: Ripoti yako inafuata mwendo wa kazi yako, ulikoanzia hadi ulikoishia. Mkuu wa idara anaifungua akitafuta jambo moja: anatakiwa kuamua nini. Inambidi apite kurasa 10 kabla ya kulifikia, na wengi huishia njiani.

Pandisha ombi juu kabisa. Sentensi tatu au nne zatosha: unaomba nini, kwa nini, kwa gharama gani, na jibu linahitajika lini. "Naomba idhini ya kununua printa mbili kabla ya tarehe 15, kwa bei iliyo kwenye Kiambatisho A. Zilizopo zinakwama kila siku, na ankara za wateja zinachelewa." Fuatisha sababu, kisha ushahidi. Historia na mbinu zipeleke kwenye viambatisho, ila taja kila kimoja pale kinapohusika; kisichotajwa hakifunguliwi.

Kazi kubwa iko kwenye vichwa vidogo. "Matokeo" hakimwambii mtu kitu. "Printa mbovu zinachelewesha ankara" kinamwambia. Ukimaliza, soma vichwa peke yake toka juu hadi chini. Visipoeleweka, mpangilio bado. Na usikoleze tu maandishi: tumia mitindo ya vichwa iliyomo kwenye programu ya kuandikia. Orodha ya yaliyomo hutengenezwa kutokana nayo, na programu zinazowasomea wasioona huitumia kuruka sehemu hadi sehemu. Maandishi yaliyokolezwa tu, kwa kompyuta ni aya kama aya nyingine.

Jihadhari pia na "imeamuliwa orodha ihakikiwe". Ihakikiwe na nani? Andika: "Mtunza stoo atahakiki orodha kufikia Ijumaa."

Swali: Mwenzangu anashauri kila aya igeuzwe orodha ya nukta. Ni sawa?

Jibu: Hapana. Nukta zinafaa kwa vitu vya aina moja, na nambari kwa hatua zenye mfuatano. Ukiikatakata hoja, "kwa sababu", "hata hivyo" na "ndiyo maana" hupotea, nayo ndiyo yaliyobeba fikra yako. Msomaji ataona mambo matano asijue lipi limesababisha lipi. Hoja iache kwenye aya, wazo moja kila aya, likae sentensi ya kwanza. Unapolinganisha machaguo kwa vigezo vilevile, chora jedwali.