Hinch alizuiaje zote nne Rio?

Umeuliza golikipa wa Uingereza Maddie Hinch alizizuiaje penalti zote nne za Uholanzi fainali ya mpira wa magongo (hoki) wa wanawake, Olimpiki ya Rio 2016. Kwanza, ile si penalti ya kusimama, yaani ya kupiga mpira uliotulia. Baada ya sare ya 3-3, mshambuliaji anaanza na mpira mstari wa mita 23, kipa kwenye mstari wa goli, na ana sekunde 8 tu za kufunga. Hinch alikuwa na daftari la tabia za wapigaji, akilichungulia kati ya zamu. Makipa wengi hujilaza mapema: mtu anakuzunguka, kwisha habari. Ukibaki wima na kumlazimisha aende pembeni, saa inakufanyia kazi. Ukimwangusha bila kukusudia, anarudia; ukikusudia, ni penalti ya kusimama. Uingereza ikashinda mikwaju hiyo 2-0, la mwisho likifungwa na Hollie Webb.