Jibu: Mgeni wa kwenye Dark ni nani hasa?

Aleikum salaam, dada. Nimekuelewa: mko sehemu ya 4, msimu wa 1 wa Dark, ile tamthilia ya Kijerumani ya kusafiri kwenye wakati, na hapo Malindi mnabishana kama yule mgeni wa koti lenye kofia ni mtu mpya, au tumeshamwona kwa umri mwingine.

Kwanza tazameni mwaka. Hadithi inaruka miaka 33, toka 2019 hadi 1986, kwa hivyo kila mtu mzima muulizeni: mwaka ule alikuwa na umri gani? Nusu ya dhana zenu zitakufa hapo hapo. Ile ya kwamba mgeni ni jini nayo ifuteni, ingawa hapa Lamu ina wafuasi wengi kweli.

Kisha acheni sura, waigizaji wamebadilishwa kwa kila umri. Fuateni alama za mwili. Mimi yule mhusika Helge nilimjua kwa sikio lake bovu: liangalieni 1986, halafu kwa yule mzee wa 2019. Mgeni naye ana alama yake. Iko wapi, sisemi.

Na itazameni kwa Kijerumani chenyewe na maandishi chini. Sauti za kubandika zinapoteza mengi.

Mkifika sehemu ya 5 msiguse simu dakika za mwisho.