Vitamini D kwa Sisi Tunaoishi Mbali na Ikweta

Hapa Leicester, Uingereza, ninapoishi na Wasomali, Waasia waliotoka Uganda na Kenya, na jamaa zetu wa pwani, kila majira ya baridi nasikia malalamiko yale yale: nyonga zinauma, mapaja yanakosa nguvu ya kupanda ngazi, uchovu hauishi. Maradhi ya namna hii huwa na sababu nyingi, lakini mimi nilipopimwa damu nilikutwa chini ya nanomoli 25 za vitamini D kwa lita, kiwango ambacho hapa huhesabiwa kuwa upungufu.

Ngozi hutengeneza vitamini hii inapopigwa na mionzi ya urujuanimno, yaani miale ya jua isiyoonekana kwa macho, na melanini inayotupa weusi wetu huizuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo, kwa hiyo mweusi huhitaji kukaa juani muda mrefu zaidi kuliko mweupe. Weusi wenyewe si kasoro. Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, walikutwa na wastani wa nanomoli 115 kwa lita. Tatizo ni jua la huku, ambalo tangu Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi huwa chini mno angani kwa ngozi kutengeneza vitamini hii, hata likiwaka. Kuketi dirishani hakusaidii, kwani kioo huizuia mionzi inayohitajika.

Nawafikiria hasa akina mama. Nyumbani, mwanamke anayevaa baibui barabarani hulipata jua uani, akiwa na kanga zake, anapofua na kuanika. Huku anaishi ghorofani na ua hana.

Chakula nacho hakilizibi pengo hilo kwa urahisi. Ugali, mchicha na maharage havina vitamini D ya maana. Iliyopo iko kwenye samaki wenye mafuta kama salmoni, sardini na makareli, na kidogo kwenye kiini cha yai. Maziwa ya ng'ombe ya Uingereza kwa kawaida hayaongezwi vitamini D kama ya Marekani, basi msiyategemee.

Ushauri wa huduma ya afya ya hapa, ambao mimi naufuata na ninawasihi ndugu zangu waufuate, ni kumeza vidonge vya vitamini D, mikrogramu 10 kwa siku. Wengi huambiwa wavimeze majira ya vuli na ya baridi, ila sisi wenye asili ya Afrika au Asia Kusini, pamoja na wanaojifunika mwili, tunashauriwa kufikiria kuvimeza mwaka mzima. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama hupewa matone ya mikrogramu 8.5 hadi 10 kila siku tangu kuzaliwa, kwa sababu matege yanayoletwa na upungufu huu huanza mifupa ikiwa bado laini.

Someni kibandiko cha chupa kabla ya kununua. IU, kipimo kingine cha vitamini kinachoandikwa kwenye chupa, 400 ndizo mikrogramu 10, na madukani zipo chupa zenye nguvu mara nyingi zaidi ya hapo. Mtu mzima asipitishe mikrogramu 100, yaani IU 4,000 kwa siku, bila agizo la daktari, kwani vitamini D ikizidi kwa muda mrefu hulundika kalisi mwilini na kuumiza figo.