Je, mbu jike wa porini atamkubali dume wa maabara?

Ndugu, umeuliza kama mbu dume waliobadilishwa vinasaba wanaweza kweli kushindana na wenzao wa porini mbele ya majike, na kwa maoni yangu hilo ndilo swali ambalo mradi wowote wa kuachilia madume kama hao unapaswa kulijibu kwanza.

Anopheles gambiae, mbu anayeeneza malaria Afrika, hujamiiana hewani wakati wa machweo: madume huruka kwa makundi, na jike anapokaribia, humtambua kwa mlio wa mabawa yake, ambao ni mzito kuliko ule wa madume. Dume husikia kwa vipapasio, na jambo la ajabu ni kwamba anahitaji mlio wa mabawa yake mwenyewe ili aupate vizuri ule wa jike, kwa kuwa sikio lake huitikia hasa tofauti ya masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) kati ya milio hiyo miwili. Kwa hiyo dume ambaye urukaji wake umedhoofika anaweza kubeba jeni zote zinazotakiwa na bado asimpate jike, ambaye kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani.

Huko Bana, Burkina Faso, madume tasa waliobadilishwa vinasaba waliachiliwa Julai 2019, nao walionekana kuishi muda mfupi zaidi na kusambaa kidogo kuliko ndugu zao wasiobadilishwa. Ndiyo maana ningependa madume wapimwe wakiwa wanaruka, pamoja na mlio wa mabawa yao, katika vizimba vikubwa vyenye mwanga wa machweo, kabla hawajafikishwa kijijini.