Judo: anzia siku ya mashindano, hesabu kurudi nyuma

Wachezaji wengi wa judo ninaofanya nao mazoezi hapa Unguja wana bidii kubwa. Jioni wanavaa judogi (nguo ya judo), wanapiga randori, yaani mazoezi ya kupambana kweli, mpaka mkeka unalowa jasho, wanarudi nyumbani. Kesho vile vile. Bidii hiyo inakupa mwili, lakini peke yake haikupi medali. Mtu anafika siku ya mashindano akiwa hoi, au hajawahi kuijaribu mbinu yake kwa mtu anayemkatalia kweli.

Tia alama tarehe ya mashindano kwenye kalenda, kisha hesabu wiki kurudi nyuma. Mimi huhesabu 12. Zile 4 za mbali ni za nguvu na pumzi: kukimbia mchangani maji yakikupwa, uchikomi nyingi (kurudia kuuingia mtupo bila kumtupa mwenzako), ne-waza ndefu (mapambano ya chini). Za kati ni za randori nzito. Pambano la watu wazima ni dakika 4, na mkitoka sare mnaingia muda wa ziada usio na kikomo, kwa hiyo zoea kupiga raundi ya dakika 4 halafu uendelee na mtu yule yule mpaka mmoja aanguke. Wiki mbili za mwisho punguza wingi wa kazi, ukali ubaki. Siku chache kabla ya pambano, pumzika.

Sasa Ramadhani, ambayo katika mipango inayoandikwa ng'ambo huikuti. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 10 au 11, kwa hiyo kila mwaka inaangukia mapema zaidi, na miaka hii imetukuta kwenye joto la Februari na Machi. Wapo wanaoacha mazoezi mwezi mzima, na baada ya Idi wanaanza upya. Wapo wanaolazimisha randori nzito alasiri koo limekauka. Sikubaliani na wote wawili.

Mwezi huu mimi naupa kazi ya ufundi. Karibu na magharibi, uchikomi ya taratibu bila kutupana: shika, vuta, ingia, toka. Huu ndio wakati wa kushughulikia kumi-kata, yaani namna ya kumshika mpinzani, hasa dhidi ya mtu wa mkono wa kushoto, jambo ambalo kwenye joto la randori hakuna anayekuwa na subira nalo. Randori yenyewe ifanyeni baada ya tarawehe, mara mbili kwa wiki, raundi chache. Futuru kwa tende, maji na uji, muhogo wa nazi na samaki vije baada ya mazoezi. Daku usiiache hata usingizi ukikuzidi. Nimeona vijana wakitoka Ramadhani na seoi-nage (mtupo wa bega) safi kuliko waliyoingia nayo.

Mbinu ziwe chache. Chagua mtupo mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma unaoendana nao, kama seoi-nage na ko-uchi-gari (kumfyeka mguu kwa ndani), ili mpinzani akikwepa huu aukute ule. Na ukimwangusha, fuata chini! Linaniuma sana kumwona mtu amepata waza-ari nzuri, yaani nusu ya ushindi, halafu anasimama kumtazama mwamuzi, wakati kumkandamiza kwa sekunde 10 kungempa waza-ari ya pili, na mbili ni ippon, ushindi kamili. Kila nage-komi (zoezi la kurudia kutupa) imalizie chini, mpaka mwili ufuate bila kufikiri.

Uzani nao upangwe ndani ya hizo wiki 12. Kwa wanaume, kutoka kilo 66 unaruka hadi 73, uzani ambao Andrew Mlugu aliiwakilishia Tanzania kwenye Olimpiki ya Paris 2024. Mwenye kilo 69 hujiona yuko katikati. Ushauri wangu kwake, hasa akiwa bado skuli: cheza 73, jenga nguvu. Kujinyima maji na kukimbia umevaa nailoni katika joto letu ni hatari, na nguvu unayoipoteza hairudi usiku mmoja.

Tarehe ikiwa bado haijatangazwa, wekeni yenu. Elewaneni na klabu nyengine, mtafute mwamuzi na mizani, na wazee waje kutazama. Hesabu wiki kutoka hapo, na yakija mashindano makubwa utakuwa umeshajua ni wiki gani miguu yako inakuwa mizito.